Kiwanda Hakikuijua Chakacha
Hotuba kwa wanamuziki, walimu wa kwaya na maprodyusa chipukizi wa Mombasa

Asalaam aleikum, na wenzetu pia, hamjambo nyote. Wazee wangu wa taarab mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Walimu wa kwaya, karibuni. Nyinyi wa Likoni mliovuka kwa kivuko na laptopu mgongoni, na nyinyi wa Kisauni, Changamwe na Mji wa Kale, ahsanteni kwa kuja na joto hili. Nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa nikianza habari za kompyuta na muziki huwa sina breki.

Nimeombwa nizungumzie matatizo ya programu za kutungia muziki. Mtu akija kwangu studio na laptopu yake, maneno ya kwanza huwa yale yale: "Fundi, programu imeharibika." Ni nadra iwe imeharibika kweli. Mara nyingi inafanya hasa kile ilichoagizwa, ila aliyeiagiza si wewe. Cubase imetoka Hamburg, FL Studio imetoka Ubelgiji, na huko kuna mtu aliyeamua kwamba ukifungua wimbo mpya ukute mapigo manne, kasi ya 120 au zaidi kidogo, noti 12 kwenye oktavu, na kila pigo likae juu ya mstari. Hakuwa na nia mbaya. Hakuijua chakacha, ngoma yetu ya Pwani, basi.

Tuanze na kilio kinacholetwa kuliko vyote: nabonyeza kibodi, kimya.

Kibodi ya MIDI, yaani ile inayozungumza na kompyuta kwa lugha ya maagizo, haina sauti ndani yake, wala waya wake haupitishi sauti. Mwaka 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, vinanda vya kampuni mbili zinazoshindana viliunganishwa kwa waya, ukibonyeza hiki na kile kinaitika. Waliosukuma jambo hilo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walikuja kupewa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kilichopita kwenye waya ule ndicho kinachopita kwenye USB yako leo: maagizo. Noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu ya 90. Noti namba 60 imeachiliwa. Namba za noti na za nguvu zinaanza 0 zinaishia 127, hakuna zaidi. Sauti inatengenezwa upande wa pili, na chombo kilichowekwa kwenye traki.

Basi ukikuta kimya, usianze kufuta programu na kuiingiza upya. Fuata njia kutoka kidoleni mpaka sikioni, kama fundi wa bomba anavyofuata maji. Bonyeza kibodi huku unatazama traki. Taa au kipimo kinacheza? Kama hakichezi, agizo halijafika: waya, tundu la USB, au kibodi haijachaguliwa kwenye mipangilio. Kama kinacheza na husikii kitu, agizo limefika, tafuta mbele yake: traki haina chombo, au sauti inatoka mahali pengine. Mahali pengine hapo ni pengi. Ukichomeka televisheni kwa HDMI, Windows hupenda kuipeleka sauti huko kwenye televisheni. Ukiwa na hedifoni za Bluetooth ulizoziacha zimewaka ndani ya mkoba, sauti inapigwa mkobani. Kijana mmoja alikuja kwangu amekata tamaa kabisa, anataka laptopu yake isafishwe yote. Tukatazama: taa inacheza vizuri. Nikamwambia afungue begi. Hedifoni zilikuwa zinaimba peke yake humo ndani.

Jambo la kibodi kutobeba sauti lina mkia wake. Mwalimu wa kwaya anatunga kwa sauti nzuri ya ogani, anamtumia mpiga kinanda faili ya MIDI kwa WhatsApp, mwenzake anaifungua na kukuta piano hafifu inayogonga kama ya simu ya zamani. Faili haikuharibika njiani. Ilibeba maagizo tu, na kila kifaa kinayapiga kwa sauti zake. Mwaka 1991 viwanda vilikubaliana orodha moja ya sauti 128, ili namba fulani iwe piano kila mahali na namba fulani iwe tarumbeta. Isomeni orodha hiyo siku moja, mtacheka. Imo banjo, imo sitari, imo koto ya Kijapani, imo hata kalimba. Imo helikopta! Namba 126, helikopta. Namba 128, mlio wa bunduki. Udi haumo. Kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, haimo. Na chaneli ya 10 imewekwa wakfu kwa ngoma, kwa hiyo ukiitia sauti ya mwimbaji kwenye chaneli ya 10, kila noti inageuka kuwa toazi, debe au kengele. Nimewaona watu wakiamini ni virusi.

Dawa ni kumtumia mwenzako vitu viwili: MIDI, na sauti yenyewe iliyotolewa kama WAV au MP3. Akitaka kupiga, ana maagizo. Akitaka kujua ulichokusudia, ana masikio.

Sasa kuchelewa na kukwaruza, maana haya mawili ni ndugu.

Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Inakusanya sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti, inazitoa kwa mkupuo, na ukubwa wa mkupuo huo ndio bafa. Kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakupa ucheleweshaji wa milisekunde 23 hivi kabla hujaongeza wa vifaa vingine. Bafa ya 128 ni milisekunde 3. Mpiga dumbaki atausikia ule wa 23, na akiusikia ataanza kuukimbiza, na wimbo mzima utaenda mbio bila mtu kujua kwa nini. Ukiishusha bafa, kompyuta inapata muda mfupi zaidi wa kumaliza hesabu zake. Isipomaliza, ndipo unasikia kwaruu, kwaruu. Kwa hiyo hakuna namba moja nzuri. Ukirekodi, shusha mpaka 128 au 256 na uzime plagini nzito, zile programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kubwa. Ukimiksi, hakuna anayepiga tena, pandisha mpaka 1024 upumue. Kwenye Windows, tumieni draiva ya ASIO, ile ya kupitisha sauti haraka, ya intafesi yenu, yaani kile kisanduku cha kuingizia na kutolea sauti; msitegemee ile ya kawaida ya mfumo. Na hedifoni za Bluetooth ziacheni kwa kusikilizia ndani ya matatu. Ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100, hakuna bafa itakayokuokoa.

Ila hapa Pwani kuna mikwaruzo ya namna mbili, na watu huichanganya. Hiyo ya hesabu, ukiongeza bafa inapungua. Nyingine ni ya chumvi. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na jeki iliyokaa mwezi bila kutumiwa inaota ukoko. Ukizungusha jeki kidogo tu kwenye tundu lake, kelele inabadilika. Hiyo hata ununue kompyuta ya bei ya gari itabaki pale pale. Inataka spiriti safi na pamba, au dawa ya kusafishia soketi. Si mafuta ya taa, tafadhali, na najua ninayemwambia. Vifaa vyenu vifunikeni usiku, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, msivitupe.

Halafu joto. Prosesa ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Msimu wa kaskazi, chumba cha mabati, laptopu juu ya godoro na matundu yake ya hewa yamezibwa na shuka: projekti iliyopiga safi alfajiri itakwaruza saa nane mchana, na hakuna ulichobadilisha. Kipimo chake ni rahisi, ifungue tena alfajiri. Ikipiga safi, nunua kipande cha mbao na feni ya mezani kabla hujafikiria kununua kompyuta. Tazama pia stima ikipotea: laptopu ikihamia kwenye betri huingia kwenye hali ya kubana matumizi, prosesa inashuka, na ule wimbo uliokuwa unaenda vizuri unaanza kukatika. Ibadilishe hali hiyo kwenye mipangilio ya umeme. Na traki nzito zigandisheni, yaani mwambie programu izigeuze kuwa sauti tupu kwa muda ili prosesa ipumzike.

Kwa haraka, kuna tatizo la watu wa video. Muziki wa CD unatumia 44100, video hutumia 48000. Programu nyingi huligeuza hilo zenyewe, lakini pale intafesi inapolazimishwa namba moja na projekti ina nyingine, wimbo wa 48000 unapigwa kwa 44100, na wimbo wa dakika nne unakuwa wa dakika nne na sekunde 21, umeshuka karibu nusu toni moja na nusu (nusu toni ni hatua kutoka noti moja ya kibodi hadi ile ya jirani yake). Mwimbaji wa kike anasikika kama ameamka na mafua. Mkikuta sauti imelegea namna hiyo, msimlaumu mwimbaji, angalieni namba mbili hizo zifanane.

Sasa niingie kwenye kilichonileta hasa.

Chakacha inatembea sita kwa nane. Naomba wazee mpige makofi kidogo. (Hapa ukumbi ulipiga makofi, na mzee mmoja akaongeza vumi kwa kiganja juu ya kiti.) Mmesikia? Makundi mawili ya tatu tatu, na chapuo linajibizana humo ndani, mara unahesabu mbili, mara unahesabu tatu, na nyonga inafuata ipendako. Sasa kijana anafungua programu, ameachiwa mapigo manne na gridi ya kumi na sita. Anapiga chakacha vizuri kwa mkono, halafu anabonyeza kitufe cha kukwantaizi. Programu inachukua kila pigo na kulisukuma kwenye mstari ulio karibu, na mistari ile imegawanywa kwa nne, haikugawanywa kwa tatu. Kinachotoka si chakacha. Ni mtu anayechechemea. Kijana anasema, "Programu hii haiwezi ngoma za kwetu." Inaweza. Badilisha alama ya mapigo iwe 6/8 kabla hujarekodi, na gridi iwe ya noti za nane.

Kisha kasi. Programu nyingi huhesabu kasi kwa noti za robo hata ukiwa umeweka 6/8. Mguu wa mchezaji wa chakacha hauhesabu noti za robo, unahesabu robo yenye nukta, yaani noti tatu za nane. Ukipima kwa saa ukakuta mguu unakanyaga mara 100 kwa dakika, usiandike 100, utapata chakacha ya kwenye msiba. Zidisha kwa tatu, gawanya kwa mbili: andika 150. Hesabu hiyo ndogo inamaliza nusu ya malalamiko ninayoletewa juu ya metronomu "inayopotea".

Na hata ukishaseti vizuri, msikwantaizi kwa asilimia mia. Programu karibu zote zina mahali pa kuchagua nguvu. Weka 50, pigo livutwe nusu ya njia tu. Mpiga msondo mzuri huchelewesha pigo fulani makusudi, na yeye ndiye anayewafanya watu wasimame vitini. Ukimnyoosha umemfuta. Nguvu ya pigo nayo, ile ya 0 mpaka 127, msiiache yote ikae 100. Mimi binafsi ngoma za asili napenda zirekodiwe kwa maiki moja nzuri kuliko kutungwa kwa kipanya, lakini najua si kila mtu ana vumi nyumbani, na majirani wengine hawana subira.

Baada ya mapigo ni noti, na hapa wazee wa taarab wananielewa kuliko vijana. Kibodi ina noti 12. Maqam, yaani ngazi za noti za Kiarabu, ya Rasti na ya Bayati yana noti zisizokuwamo kwenye hizo 12. Ukiianzia Rasti kwenye do, mi yake si mi ya piano wala si mi bemoli, imekaa katikati. Na ti vile vile. Marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kuishi hapa Mombasa, alipokuwa akipiga udi hakuhitaji kumuuliza mtu noti iko wapi, maana shingo ya udi haina freti, kidole kinakwenda sikio linapokipeleka. Kibodi yako ina ngazi ngumu. Ndiyo maana mkipiga Rasti kwa kibodi iliyotoka dukani inasikika ni muziki wa sherehe za shule.

Njia ipo. Kila programu ya MIDI ina agizo la kupinda sauti, lile gurudumu la kushoto kwenye kibodi. Namba zake zinaanza 0 mpaka 16383, katikati ni 8192, na kawaida ya kiwanda ni kupinda nusu toni mbili juu na mbili chini. Nusu toni moja ni senti 100. Robo toni ni senti 50. Basi kwa kushusha mi kwa robo toni unatoa 2048 kwenye 8192: unaandika 6144, au −2048 kwenye programu zinazoanzia katikati. Andika agizo hilo mahali noti inapoanza, na urudishe 8192, au 0 kwenye programu zinazoanzia katikati, inapokwisha.

Mitego ni miwili. Wa kwanza: kupinda kunagusa chaneli nzima. Kama mkono wa kulia unashikilia do wakati mi inapinda, do nayo inapinda, na wimbo unayumba kama umelewa. Zitengeni noti zenye robo toni kwenye traki yake, chaneli yake. Mtego wa pili unatesa zaidi kwa sababu haueleweki kirahisi: chombo ulichoweka kinaweza kuwa kimepangwa kupinda nusu toni 12 badala ya mbili. Hapo ile 2048 yako haishushi robo toni, inashusha nusu toni tatu nzima, na mi inaangukia chini ya re. Ukisikia hivyo, usiguse noti. Fungua chombo, tafuta kiasi cha kupinda, kirudishe 2.

Anayeona kazi hiyo ni ya kushona shanga, atafute vyombo vinavyokubali faili ya Scala, ambayo inaeleza ngazi nzima ya noti kwa senti. Surge XT inakubali, na ni ya bure. Unaipa Rasti mara moja, kibodi nzima inakaa Rasti. Ila senti 50 ni pa kuanzia tu. Mpeni mzee asikilize. Akisema "ipandishe kidogo," ipandisheni senti tano, kumi, mpaka atikise kichwa.

Na sasa naomba prodyusa mliopo mnisamehe, nitasema kwa sauti. Ile plagini ya kunyoosha sauti ya mwimbaji, Auto-Tune na jamaa zake, ikiachwa kwenye noti zote 12, humshika mwimbaji wa Bayati kila anapoigusa robo toni na kumvuta kwenye noti ya piano. Binti ameimba sawasawa, programu imemkosoa! Halafu tunashangaa taarab mpya haina uchungu. Zimeni, au ondoeni noti zile kwenye orodha ya kunyooshwa, au nyoosheni neno moja lililopotea kweli kisha mwacheni. Taarab ya Mombasa ilishapokea tashkota, kinanda cha nyuzi cha Kijapani, na tuni za filamu za Kihindi bila kupoteza sura yake, kwa hiyo sipingi mashine. Napinga mashine kuachiwa iamue.

Walimu wa kwaya, nyinyi nitawapitia upesi kwa sababu MuseScore, programu ya kuandikia noti, ni ya bure na mnaijua. Mkitaka kupeana kazi, msipeane PDF peke yake, toeni MusicXML, ambayo programu nyingine nyingi za noti huifungua. Hasa mwenye kazi za zamani kwenye Finale, programu nyingine ya kuandikia noti: watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kwamba wameiacha, kwa hiyo zitoeni kwa MusicXML zote sasa, wakati kompyuta yenu bado inaifungua. Na maneno yagaweni Kiswahili: m-tu ni silabi mbili, inataka noti mbili, ng'o-mbe, si ng'om-be.

Kuhifadhi. Stima yetu mnaijua. Kila baada ya hatua kubwa, hifadhi kwa jina jipya lenye namba, usiandike juu ya ya jana. Faili ya projekti mara nyingi haibebi sauti zenyewe, inabeba anwani za mahali sauti zilipo. Ukiihamisha peke yake kwa fleshi, kompyuta ya pili itakwambia sauti hazipatikani, na haitakuwa inasema uongo. Tafuteni agizo la kukusanya kila kitu kwenye folda moja, ndipo mhame.

Kuhusu programu za kuvunja leseni, sitawahubiria. Nasema tu kwamba nusu ya laptopu zinazoletwa kwangu zikizimika ovyo zina hizo, na siwezi kujua kosa ni la programu au la aliyeivunja, kwa hiyo sizigusi. LMMS ya kutungia ni ya bure, Audacity ya kurekodia ni ya bure. LMMS toleo la 1.2 hairekodi maiki, msihangaike kutafuta kitufe; rekodini kwa Audacity kisha muingize.

Naona mwenye ukumbi ananitazama. Mwenye projekti inayokwaruza aje nayo meza ya nyuma, pamoja na chaja na hedifoni za waya. Walimu wa kwaya, meza yenu ni ile ya dirishani. Na wewe mzee uliyepiga vumi kwenye kiti, nakuomba usiondoke kabla ya maghribi. Maiki ipo, tunaifunga sasa hivi.